Kiapo cha Kuzaliwa kwa Mjomba Rajabu

Ndola

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mahindi ya Makuyuni yamepata mvua? Sisi huku tu wazima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Pasipoti ya Mjomba imeisha muda. Alinipa fomu niijaze, kwa kuwa mimi ndiye karani. Penye nafasi ya mahali alipozaliwa baba yake, yaani Babu, aliniambia niandike Korogwe, kama alivyoandika miaka yote. Niliogopa kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Nikaandika Msumbiji, alikotoka kuja kukata mkonge. Sikumwambia.

Wiki iliyopita majibu yalikuja kutoka ubalozi wetu. Wanataka kiapo cha mtu aliyekuwepo Mjomba alipozaliwa, aeleze na asili ya baba yake. Aliyebaki ni wewe tu.

Nilitegemea anifokee. Alisoma ile barua mara mbili, akavua miwani. "Karani wetu," akasema, "wewe ungemshtaki hata Babu yako kaburini."

Wenzake wa gereji wanamwambia achukue uraia wa huku, kwani mke na watoto ni wa huku, na yeye ana miaka thelathini na mmoja hapa. Aliwajibu kwamba mpaka leo akipiga chafya hupiga kwa Kizigua. Walicheka. Tulipobaki wawili aliniambia, "Nikiuacha wa kwetu, nitaomba viza ya kwenda kufagia kaburi la mama yangu. Hilo siliwezi, Zaina."

Ninachoogopa ni wewe, Mama. Ukiapa kwamba Babu alitoka Msumbiji, huenda wakauliza na wewe ni raia wa wapi, na hilo shamba ulilipataje. Ukiapa kwamba alizaliwa Korogwe, fomu yangu itakukanusha.

Mjomba amenikataza kukushawishi. Amesema dada yake asiingie mashakani kwa ajili yake. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Usipoapa, atanipa fomu ya uraia wa huku niijaze, naye ataitia sahihi. Hatakulaumu.

Nisalimie kaka Hoza, fundi cherehani wa Handeni, na shangazi Mwanaidi anayekuchotea maji. Wasijue kitu kabla hujaamua.

Niwie radhi. Lolote utakaloamua, Mama, usiseme uongo kwa ajili yetu.

Binti yako,
Zaina