Gari la Meme Lililokataa Kusimama Asubuhi

Kuisebmond,
Walvis Bay.
22 Juni 2025

Mpendwa kaka Ananias,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe, wifi Helvi na mtoto. Mnaendeleaje huko Oulu? Natumaini zile nyakati zenu ambazo usiku haupati giza haziwanyimi usingizi. Picha ya mtoto akiwa na viatu vya mpira imefika, na Meme, mama yetu anayejivunia mjukuu, ameibandika kwenye mlango wa friji ili kila anayekuja kuomba maji aione.

Sisi hatujambo. Ukungu tu ndio umezidi. Nguo zinashinda kambani na kulala huko huko bila kukauka. Kazi gerejini ipo, namshukuru Mungu.

Sasa nije kwenye habari ya Meme na lile gari lake dogo la umeme, maana najua kwenye simu kila mtu alikusimulia chake.

Ni kweli aligonga. Alikuwa anampeleka Bibi Rauna, yule jirani wa nyumba ya kona, hospitali kusafishwa damu kama kawaida yake. Alipofika njia panda alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo kidogo tu kisha likaendelea kuteleza mpaka kwenye meza ya Loide muuza maandazi. Loide aliwahi kuruka pembeni. Hakuna aliyeumia, lakini mafuta ya moto yalimwagika pale pale ambapo wanafunzi hupanga foleni.

Mjomba Kleopas alikuja siku hiyo hiyo akauchukua ufunguo. Alilizungusha gari mjini mchana kutwa, kisha akaniletea gerejini akisema halina ubaya wowote. Nami nikaliendesha, nikakanyaga breki mara kadhaa, likasimama vizuri kabisa. Mjomba akamwambia Meme mbele yetu sote, "Dada, gari ni zima. Miguu ndiyo imechoka."

Meme hakubishana naye. Unamjua alivyo, mtu aliyezalisha nusu ya mtaa huu na kuwafokea waume zao. Nilitegemea amrushie maneno. Badala yake alikwenda kukaa jikoni, na kuanzia hapo akawa mtu wa kukaa tu. Bibi Rauna akaanza kutafuta teksi, na siku nyingine akaikosa, akakosa na matibabu.

Hata mimi nilianza kuamini kwamba ni umri. Kilichonirudisha nyuma ni neno moja alilolisema Meme akiwa anamenya viazi, bila hata kuniangalia.

"Jioni ni gari langu. Asubuhi ni gari la mtu mwingine."

Kaka, kichwa kilianza kwenda mbio. Gari la umeme halisimami kama magari tuliyoyazoea. Ukiinua mguu, au ukigusa breki kidogo, ile mota yenyewe ndiyo inayolizuia, na nguvu inayopatikana inarudishwa kwenye betri. Lakini Meme hulichaji usiku kucha. Asubuhi betri imejaa, nguvu hiyo haina pa kwenda, kwa hiyo mota haisaidii. Kazi yote inaziangukia breki zenyewe za chuma. Mjomba alipokuja kulichukua, betri ilikuwa imeshapungua, na mota ikawa inasaidia tena.

Nililichaji mpaka likajaa, na kulipokucha nikalipeleka kwenye uwanja mtupu karibu na mashamba ya chumvi. Nilipokanyaga breki, lilikwaruza, likavuta kushoto, likaendelea kwenda. Nilikaa pale kwenye usukani nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Gerejini niliinua gari kwa jeki nikafungua magurudumu. Diski zilikuwa zimeota kutu kama nanga iliyotupwa ufukweni. Pedi zilikuwa zimeganda kwenye vishikio vyake, na pini ambazo kalipa, kile kibano cha breki, inatakiwa kutelezea zilikuwa hazisogei hata kwa nyundo. Meme anaendesha taratibu, kwa hiyo mota ilikuwa ikifanya kazi yote na breki zikilala tu, huku ukungu wa chumvi ukizila. Nilibadilisha diski na pedi, nikasugua pini na kuzipaka grisi, nikatoa mafuta ya breki ya zamani yaliyokuwa yameingia maji. Nimeliwekea pia kikomo lisichaji mpaka juu kabisa, na nimemwambia Meme kila wiki, barabara ikiwa tupu, akanyage breki kwa nguvu ili kutu isipate nafasi.

Mjomba hakutaka kuamini. Aliishika diski moja ya zamani, akaigeuzageuza, akasema chuma chochote hapa mjini kina kutu. Hapo Meme alivua aproni, akaniomba nilichaji lijae kabisa kwa mara hiyo moja, na kesho yake asubuhi akamfungulia mjomba mlango.

"Panda," alimwambia.

"Dada, mimi bado nina watoto wa kusomesha."

"Basi funga mkanda."

Walikwenda mpaka njia panda na kurudi. Mimi nilibaki getini. Waliporudi, mjomba alishuka, akauchukua ufunguo uliokuwa ndani ya gari, akamkabidhi Meme kwa mikono miwili. Meme hakumdai radhi.

Bibi Rauna sasa hakosi matibabu. Loide tumemtengenezea meza mpya, na kila Meme akipita, Loide humpigia saluti kwa koleo la maandazi.

Ila juzi, kaka, mjomba alikuja jioni akazunguka weee na habari za mvua za kaskazini, mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama Meme ana safari ya Swakopmund wiki hii. Kumbe daktari wa macho amemkataza mjomba kuendesha mpaka atakapopasuliwa mtoto wa jicho. Meme akamwambia aje saa moja asubuhi, avae sweta, akae mbele.

Wasalimie wifi Helvi na mtoto. Meme, mjomba Kleopas na Bibi Rauna wote wanakusalimu. Mungu awafunike huko mliko na atufikishe siku ya kukaa tena meza moja.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukukumbuka,

Tuyakula