Fomu Niliyoijaza kwa Jina la Mama

Dada yangu Nekesa,

Wafula wako sasa anainama kuingia jikoni kwangu hapa Adelphi, Marekani. Anacheza mpira wa kikapu chuoni, nafasi wanayoiita fowadi, na mwezi ujao timu za kulipwa zitachagua vijana wa kuwaajiri. Ndiyo maana wakaguzi wanakuja. Wakimaliza kumkagua yeye uwanjani, wanakuja kutukagua sisi nyumbani.

Huyu wa wiki iliyopita sikumwamini tangu alipovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nani alimfundisha? Alikula chapati tatu, akasifu mchuzi, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye magoti yangu. Alitaka kujua kimo cha baba yetu, kama Wafula hununa akikosolewa, kama huamka mwenyewe asubuhi. Akasema kijana ana mikono mirefu kuliko kimo chake, na mikono hiyo ni mali. Nikamuuliza, mali ya nani? Akacheka, akaandika kitu.

Kisha akauliza kama mimi ndiye mama. Nikamjibu kwa Kiingereza, neno kwa neno kama tunavyosema sisi, kwamba mimi ni mama yake mdogo. Akanitazama juu hadi chini, akaandika kwamba mama ni mfupi. Niliyaona maandishi yake kichwa chini miguu juu. Kutunza wazee kule Hyattsville kumenifundisha kusoma faili upande wowote. Ningeweza kumsahihisha palepale. Nikanyamaza, maana nilijua watu hawa hushuku umri wa watoto wetu na vyeti vyetu, na huyu nilimwona anatafuta ufa. Nikisema aliyemzaa ni mwingine, si atadhani tumeghushi kila kitu?

Ndipo akatoa fomu ya afya ya familia. Mama ana ugonjwa wa moyo? Nikatia alama kwenye hapana. Moyo wangu ni mzima, dada, na mimi ni mama yake. Nilisaini kwa mwandiko mzuri kabisa.

Tangu siku hiyo hujanipa nafasi ya kupumua. Nakuona kwenye uwanja wa netiboli shuleni, unadaka mpira ambao wenzako waliruka wakaukosa, wewe hata visigino havijainuka. Nakuona unanipa sketi yako ya shule, inanifika kwenye vifundo vya miguu, unacheka mpaka unakaa chini. Na nakuona ukisimama ghafla katikati ya kazi, mkono kifuani, ukiniambia, "Ngoja, kamoyo kamekimbia tena." Tunangoja pamoja. Kakirudi, unaendelea kupepeta mahindi. Nilidhani ni mchezo wako.

Siku ulipoanguka ukianua nguo, Wafula alikuwa na miaka miwili. Nyumba nzima ilianza kumshuku shemeji, mke wa kaka yetu, kwamba amekuroga, kwa sababu mligombana juu ya kuku. Hata mimi nilimshuku. Tulikuwa na kazi nyingi ya kumtazama kwa jicho baya, na hakuna aliyeuliza habari za moyo wako. Bado namwonea haya yule mama wa watu.

Sasa nikaanza kujishuku mwenyewe. Je, nilinyamaza kwa kumlinda mtoto, au nilitaka kuonekana kwenye televisheni nikikumbatiwa na kuitwa mama wa mchezaji? Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshachagua kitenge.

Jumapili baada ya kanisa nilimweka Wafula kwenye kiti nikamweleza ulivyokufa. Anajua wewe ndiye uliyemzaa, lakini siku zote nilimwambia tu kwamba uliugua. Nilipofika kwenye kamoyo kanakokimbia, aliacha kutafuna.

"Hata mine, Mom," akasema. "Nilidhani ni normal tu."

"Tangu lini?"

"Since high school. Ikianza na-slow down, halafu inaisha. Coach anadhani nimechoka."

Nilitoka nje kwenye maegesho nikalia hadi jirani Mkongo akaniuliza, "Mama Wafula, ni nini tena?"

Jumatatu nilimpigia mkaguzi. Nikamwambia fomu ile ina uongo, kwamba mama aliyemzaa alikuwa mrefu sana, mwenye vidole virefu, na alianguka akafa akiwa kijana. Akauliza kama najua jambo hili linaweza kumfanya Wafula asichaguliwe na timu yoyote. Nikasema najua. Akaahidi kwamba madaktari watamwona kwanza, kabla timu haijaambiwa neno. Simwamini hata sasa. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini, nami nitakuwa ndani ya chumba cha madaktari hao Alhamisi, nikisoma kila karatasi.

Wafula haongei nami sana. Anapita, anafungua friji, anafunga. Daktari akimkataza kucheza, atanichukia, na nitampikia hivyo hivyo akiwa amenichukia, miaka yote nitakayopewa. Wewe nakuomba jambo moja. Najua unamtamani, hukupata kumlea. Lakini usimwite, dada. Niachie.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia mtoto.