Mkrismasi Uliouacha Ndani ya Ndoo

Mama Anna, rafiki yangu,

Sijui barua za marehemu hupelekwa na nani. Lakini kuna kitu ulinikabidhi, na wewe hukupenda mtu apewe jambo halafu anyamaze. Mwaka umetimia sasa. Nakuletea majibu.

Uliniita siku chache baada ya Mwaka Mpya, hata kikombe huwezi kukinyanyua. Mkrismasi ulikuwa bado pembeni ya kabati, ndani ya ndoo iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa. Mwaka ule ulikataa kabisa kukatiwa mti. Ulisema umechoka kuona vitu vikinyauka ndani ya nyumba hii, ukaagiza mche wenye mizizi yake kutoka kitalu kimoja cha Magamba. Ukanishika mkono. "Mama Zuberi, Anna atautupa. Wewe usikubali ufe." Nikakutania, mimi Mwislamu nitunze mti wa Krismasi? Ukasema, "Mti una dini gani? Una kiu tu."

Wiki ya pili yake tukakuzika.

Anna hakulia. Najua ulipenda nikwambie ukweli, basi ndio huo. Mwanao wa pekee alisugua masufuria yote, akakunja vitenge vyako, akafunga madirisha. Mkrismasi aliuburuta hadi nyuma ya jiko, akauacha juani, akanipa ufunguo na kurudi Korogwe kazini kwake. Nilimwona. Nikamwacha aende. Kila mtu ana njia yake ya kukimbia.

Na mimi nilikimbia, Mama Anna. Wiki nzima sikukanyaga kwako. Nilikuwa na hasira na wewe. Nani sasa nitamwita juu ya ukuta wa mawe nikimaliza kupalilia? Nilipokuja hatimaye, upande mmoja wa mti ulikuwa umegeuka rangi ya kutu. Mti uliokaa ndani wiki tatu, unatolewa ghafla kwenye jua la Januari! Nikaanza kuumwagilia asubuhi na jioni, maji mengi, kama ninavyomwagilia kabichi zangu. Ukazidi kunyauka. Siku moja nikainama, nikasikia harufu ya kuoza. Nikachana ile karatasi yako ya kung'aa. Ndoo haikuwa na tundu hata moja. Nilikuwa nauzamisha mti wako kwa huruma zangu.

Nilikaa chini nikalia peke yangu pale. Mimi, mwanamke wa bustani tangu nikiwa msichana.

Kisha nikapasha msumari moto, nikatoboa tundu chini ya ndoo. Maji meusi yakatoka. Nikausogeza kwenye kivuli cha upenu. Nikakwangua gome kwa kucha: upande mmoja mkavu, lakini upande wa pili, chini ya gome, kijani. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti hadi kuku wakashtuka. Tangu siku ile sikuumwagilia kwa mazoea tena. Nilikuwa nachomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kikitoka kikavu, maji. Kikitoka na unyevu, naondoka zangu.

Masika yalipoanza, Baba Zuberi akaniambia, "Kaupande kaburini kwake, upumzike na wewe upumzike." Nilikataa. Miti ya namna hii naijua, na wewe unajua kwamba naijua. Si ndiyo iliyotugombanisha? Ile safu yenu ya mikrismasi mpakani ilikunywa maji ya bustani yangu mpaka karoti zikatoka kama vidole vya mtoto, tukapita misimu miwili hatusalimiani, mpaka siku ulipokuja mwenyewe na msumeno ukaikata. Mti wako ungekua, mizizi ingekupasulia saruji ya kaburi. Na kwenye kabichi zangu usingekaa, nisamehe. Kwa hiyo nilikata pipa kuukuu, nikalitoboa, nikajaza udongo wa msituni na samadi iliyokaa. Nilipoutoa kwenye ndoo, mizizi ilikuwa imejizungusha kama kata ya kubebea maji. Niliifungua mmoja mmoja, taratibu, kama ninayemsuka mtu mwenye kichwa kinachouma.

Desemba nikampigia Anna simu. Alikuwa hajaja tangu msiba. "Krismasi siji, mama. Nije kwa nani?" Sikumwambia habari ya mti. Nilimwambia tu, njoo kuna kitu ukione.

Akaja mkesha wa sikukuu, mchana. Mimi na Baba Zuberi tulikuwa tumeshauingiza ndani, pembeni ya kabati. Anna akaniamkia, akavuka kizingiti, akasimama. Uso ukambadilika. "Nani amekata mti na kuuleta humu?"

"Haukukatwa. Shika udongo."

Akaingiza mkono kwenye pipa. Akauacha humo muda mrefu. "Ndio ule?"

"Ndio ule."

Aliketi sakafuni na mkoba wake begani. Kilio alichokuja nacho siku ya mazishi akaondoka nacho, ndicho kilichotoka siku hiyo. Akasema, "Niliuweka juani makusudi, mama. Sikutaka kuuona ukiishi." Nikakaa karibu yake. Nikamwambia yangu pia, ile wiki niliyouacha, na maji niliyouzamishia. Tulikaa hivyo, wakosaji wawili, mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Baadaye tukaugeuza, upande uliokauka ukaelekea ukutani. Sikukuu yenyewe Anna alienda kanisani, akarudi akapika pilau. Kuku alimwomba Baba Zuberi amchinje, ili nasi tule. Pilau lake halijalifikia lako, chumvi kidogo. Tulilimaliza.

Siku ya sita nilimwambia mti utoke, joto la ndani litauchosha. Tukautoa pamoja hadi upenuni kwanza, juani baada ya siku kadhaa. Akataka kuuchukua Korogwe. Nikamwambia joto la kule litauua.

Akasema, "Basi nitakuwa nakuja mimi."

Nilidhani ni maneno ya kuagana. Lakini jana ameshuka na basi bila kuitwa, na leo nimemfundisha kupunguza matawi makavu. Anakata kwa woga sana. Atajifunza.

Lala salama, rafiki yangu. Mungu wangu na wako ni mmoja, naye akupe nafasi pana. Nakuahidi mti nitautunza kadiri mgongo utakavyoniruhusu, na mwanao nitamtunza zaidi ya mti. Siku nitakayoshindwa kulisukuma pipa, atakuwepo anayejua kuchomeka kidole.

Nakatisha hapa. Anna amefungua dirisha la jikoni kwako, ananiita chai.

Mimi jirani yako,
Mama Zuberi
Mlalo