Mkono Unaopalilia Biringanya Zetu

Jumamosi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Ndugu wapambanaji, ambao leo ni mimi na daftari hili tu, adui hupenya kwa ukarimu!

Kwa mara ya tatu nimerudi kutoka chuoni Mbarara na kukuta biringanya za mama, nyuma ya nyumba, zimepaliliwa, na majani yake ya chini yamekatwa kwa ustadi. Aliyefanya hivyo ni jirani yetu Mrundi, Baba Deo. Je, si ndivyo ardhi inavyonyakuliwa? Leo anang'oa magugu. Msimu ujao atasema shamba ni lake, na mama hana kipande kingine cha kulima.

Nilimfuata. "Mzee, unatafuta nini kwetu?"

Akacheka. "Biringanya, bwana mwanafunzi! Mama yako alinipa mistari miwili, malipo ya kupalilia. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Nilipomuuliza, mama hata hakuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua. "We mutoto, majani ya pori ilizidi kuota. Ningeita nani? Ile siasa yako ya Mbarara inajuaka kulima?"

Bado simwamini Baba Deo. Mistari miwili huzaa minne. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mama, ambaye kwa ajili yake mimi huhutubia chuo kizima, hakuona sababu ya...

Basi. Kikao kijacho ni kesho saa kumi na mbili asubuhi, bustanini, kabla ya ibada. Baba Deo atakuwapo. Mama ameagiza kila mjumbe aje na jembe lake.