Maji Yaliyopita Uani kwa Mama Najat

Baba Tusa,

Uji uko kwenye chupa, maandazi nimeyafunika. Watoto wasinywe maji ya ndoo, yachemshe kwanza. Shuleni nimeomba ruhusa.

Ulikuwa umelala Mama Najat alipobisha hodi asubuhi hii. Najat anaharisha na kutapika tangu juzi, sasa kalazwa, hata kukaa hawezi. Mama yake anasema mvua ya Jumamosi kuna mtu alitapisha choo, kafungulia shimo lake kwenye maji ya mvua, uchafu wote ukapita uani kwao, pale mtoto anapochezea. Anataka kushtaki kwa serikali ya mtaa. Akaniambia, "Mwalimu, niandikie barua, mie kalamu siiwezi." Analia, huku ananishukuru.

Na mie Jumamosi nilikuona, Baba Tusa. Mvua inamwagika, wewe na tindo yako unatoboa ukuta wa shimo la choo. Ulisema mtaa mzima hapa Mtoni wanafanya hivyohivyo. Mie nikaendelea kuchambua mchele.

Barua nimeimaliza. Jina la aliyefanya ndilo nimeliachia nafasi. ~~Nitaandika hatumjui.~~ Nitaandika jina lako, na la kwangu chini yake.

Usinifuate kunibembeleza. Nusu mfuko wa saruji uko nyuma ya mlango, kazibe lile tundu sasa hivi, maana mvua imeanza tena.

Mama Najat ananisubiri barazani. Kanifungulia mwavuli wake, anasema yeye acha alowe, mie nisije nikaugua.

Mama Tusa