Upinde wa shanjo

Abeya, soma hii kwanza.

Nimemkuta mwanangu Maroba anamenya gome la upinde mpya kwa meno, kama afanyavyo baba yake. Lakini ule si mkole, mti wetu wa pinde. Ni shanjo. Shanjo, Abeya, kichaka cha sumu ya mishale.

Nikampokonya. Ananiambia, "Mama, mikole imeisha huku. Huu nao unapinda vizuri." Eti unapinda vizuri. Mtu mzima, ana mke.

Nikamwambia, "Nyani akichomwa nayo hafiki mbali, wewe tumbo lako la chuma?" Akacheka, na midomo imeshakufa ganzi. Tumemsukutua, wamempakia pikipiki kumpeleka zahanati.

Wakati wanampakia ameniambia walikwenda kukata na mumeo, kila mtu upinde wake. Mnyang'anye sasa hivi, hata akikutukana.