Nimemuua Tanti Gawa Kwenye Hadithi Yangu

Alhamisi. Mvua ya mawe imepiga mtaa wetu wa Troyeville leo mchana. Mimi nimejaa aibu.

Muhula huu tumesoma darasani hadithi fupi tatu zenye wanawake Wamalei. Wote watatu wamejifunga kitambaa kichwani, wanakaanga sambusa, wanapigwa, wananyamaza. Kisha mwalimu akasema tuandike ya kwetu. Niliona sina haja ya kubuni. Jirani yetu, Tanti Gawa, ni Mmalei wa Cape Town, wa uzao wa watumwa walioletwa kutoka Asia, na ukuta kati yetu ni mwembamba.

Mwezi uliopita mumewe alimpiga. Nilisikia kichwa kikigongwa kabatini mara tatu, sahani zikavunjika, na Tanti akipaza sauti: "Kanala! Kanala!" Nilijua kwao kanala ni tafadhali. Mama alisema ya mke na mume hayaingiliwi, tena na wakimbizi kama sisi, akaongeza sauti ya kwaya redioni. Mimi nilichukua daftari.

Ndiyo. Nilichukua daftari.

Katika hadithi yangu Tanti anamsihi mumewe, kanala, kanala, mpaka anakufa sakafuni, kitambaa kimelowa damu. Nilipata alama nyingi kuliko wote, na mwalimu akaibandika ukutani. Leo, mjinga mimi, nilimpelekea Tanti nakala nikidhani atafurahi.

Aliisoma amesimama, ulimi ukigusa pengo la meno yake mawili. Kisha akauliza kwa upole, "Mbona umeniua, mtoto wangu?"

Akanieleza kwamba siku ile alishika sufuria ya chuma akampasua mumewe paji la uso. Damu iliyokuwa ngazini ilikuwa ya mume. Niliiruka asubuhi iliyofuata nikienda shule, nikaiandika kuwa ya Tanti.

"Na mume wangu simwambii kanala," alisema. "Hilo ni neno la kumwomba jirani aje kusaidia. Nilikuwa nawaita nyie."

Nilitazama viatu vyangu.

Kesho nitamwomba mwalimu aibandue hadithi. Hilo ni rahisi. Lakini mume, aliyehama tangu siku ile, bado ana ufunguo wa kwa Tanti, na Jumapili anakuja kuchukua nguo zake.

Nimemweleza Mama yote. Ameinuka akachomoa waya wa redio.

Sasa kimya kimejaa nyumbani, ukuta ni uleule. Neno lile likipita tena, miguu yangu itanyanyuka?